Kuwatunza Wanafunzi Wanaojitolea

Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na watu wa mitaa katika mwaka wa Yubile

Tumepewa kazi ya kusema habari ya afya na usalama wa wanafunzi hawa. Wako walioona kuwa ni jambo dogo kwa mkutano mkubwa kama huu. Wamesema, Yubile ni wakati wa kuhesabu makanisa na shule, si wakati wa kuhesabu vyandarua. Sisi twaona vingine, na sababu yake twaitoa katika habari zile zile za zamani ambazo Yubile yatukumbusha.

Mwajua ya kuwa Misheni ya Vyuo Vikuu ilianza kwa wito uliotolewa mbele ya wanafunzi. Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari Livingstone alisimama mbele ya watu wa chuo kikuu cha Cambridge, akawaomba waitazame Afrika. Wakatokea watu wa Cambridge na wa Oxford, wakajitolea. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekewa mikono huko Cape Town tarehe 1 Januari 1861, na mwaka ule ule wakapanda mto Shire, wakafanya makao yao Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi. Mwezi wa Januari 1862 Askofu na kijana mmoja wa Oxford, jina lake Henry Burrup, walishuka kwa mtumbwi hata mahali mto Ruo unapoingia katika Shire, ili waonane na Livingstone. Njiani mtumbwi ukajaa maji. Dawa zao zikapotea zote, na kwinini pamoja nazo. Hata hivyo wakakaa pale kisiwani wakingoja, nguo zao zimelowa, na homa ikawashika. Askofu akafa tarehe 31 Januari, umri wake miaka 36. Burrup akamzika, akarudi Magomero naye mwenyewe mgonjwa, na mwezi wa Februari akafa. Mkewe Burrup na dada yake Askofu walikuwa mtoni wakija, wakitumaini kupokewa na watu hao wawili. Wakapokewa na habari ya makaburi. Mwaka 1863 akafa Padre Scudamore, akafa na Dickinson aliyekuwa mganga wao. Mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamisha kazi ikaja Unguja.

Habari hizi husimuliwa kwa kuusifu uhodari wao, nasi hatupunguzi sifa ile. Walakini tukizisoma kwa makini twaona ya kuwa Askofu na mwenziwe hawakufa kwa mkuki wala kwa risasi. Walikufa kwa ajili ya sanduku la dawa lililozama. Tena wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua homa ile yatoka wapi. Walidhani ni hewa mbaya ipandayo katika mabwawa. Ilikuwa tarehe 20 Agosti 1897 ndipo Ronald Ross, huko India, alipoviona viini vya homa ndani ya tumbo la mbu. Wao hawakujua, sisi twajua. Kijana akifa leo kwa kukosa chandarua, au kwa kukosa kupimwa damu, hatuwezi kumlilia kwa kilio kile kile walicholiliwa watu wa 1862.

Basi na tuanze na homa. Wengi wa vijana wetu watoka nchi za milima, ambako mbu wa malaria ni wachache, nao watashuka pwani na mabondeni. Mtu aliyelelewa bondeni ameugua mara nyingi tangu utoto, na mwili wake umejifunza kushindana na ugonjwa, ingawa si kwa ushindi kamili. Mtu wa milimani hana mazoea hayo. Na yule aliyezaliwa bondeni, akakaa miaka kadhaa shuleni milimani, naye hupungukiwa na kinga yake. Akirudi akijidhania mwenyeji, mbu hawamtambui kwa wenyeji wake. Kwa hiyo twasema: kila mwanafunzi achukue chandarua chenye dawa, akitumie kila usiku, hata usiku wa kwanza ambapo wenyeji wamemwambia kwamba kipupwe hiki hakuna mbu.

Akiona homa, na apimwe siku ile ile, au kesho yake asubuhi. Kipimo cha siku hizi ni tone la damu la kidole, na majibu hupatikana kwa muda mfupi katika zahanati yoyote yenye vipimo. Akiambiwa ni malaria akapewa dawa mseto, ajue kwamba huliwa mara 6 katika siku 3, tena pamoja na chakula, wala haachi siku ya pili kwa kuwa amejisikia nafuu. Na neno hili mlisikie vizuri, ninyi wazazi: homa haiji siku mbu anapouma. Hukaa siku 7 au zaidi, aghalabu siku 10 hata 15. Mwanafunzi aliyekaa bondeni majuma mawili huenda akaugua akiwa amekwisha kurudi kwao milimani, na mganga wa huko asidhani malaria. Lazima mgonjwa mwenyewe aseme, “Nilikuwa mahali fulani.”

Twajua mtaa mmoja, wala hatutautaja, ambao kijana wa namna hiyo alikwenda kusaidia kujenga madarasa. Alikuwa mwenye nguvu na bidii, na wazee wakamsifu mbele ya wenzake wakisema, “Huyu ndiye mwanamume.” Siku ya nane mwili ukaanza kumwuma. Hakusema. Siku ya tisa akabeba matofali huku akitetemeka, akasema ni baridi ya asubuhi. Siku ya kumi na moja akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili ili asianguke, hata hospitali ya wilaya. Alipona, lakini kwa shida. Alipoulizwa kwa nini alificha, alijibu, “Niliona haya, maana nimesifiwa.” Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini sisi twauliza: ni nani aliyemfundisha kuficha? Sifa zetu ndizo zilizomfunga mdomo. Kijana anayefanya kazi pasipo kupumzika huitwa hodari, na yule asemaye, “Leo siwezi,” huitwa mvivu wa mjini. Maadamu twasema hivyo, chandarua na dawa havitatosha.

Mna mithali nyingine mwaipenda, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanafunzi wetu wengi hupewa jembe siku ya kwanza kabla hawajaonyeshwa choo kiliko. Twawaomba wazee wa mitaa waitimize ile mithali kama ilivyo: siku mbili za kwanza wageni wazoee jua, wajue maji ya kunywa hutekwa wapi na zahanati iko upande gani, wajue na nyumba ya mama mtu mzima ambaye waweza kumwendea kwa neno lolote. Tena kila juma wawe na siku moja nzima isiyo na kazi.

Habari ya maji hatutaisema kwa urefu, maana mwaijua. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, yakae katika chombo chenye kifuniko. Na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwanafunzi akiharisha sana, kinachoua upesi ni kukaukiwa na maji. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Na kama pakiti hazipo, maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kwa mganga. Wale watakaokwenda kando ya ziwa wasioge katika maji yaliyotulia penye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho. Akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yapitayo muda wa dakika 15, kisha aende siku ile ile kupata sindano za kichaa cha mbwa, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo. Akiumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kubana. Alazwe, kiungo kisitikiswe, achukuliwe hospitali.

Katika kazi zote zilizoandikwa katika orodha, ile ya visima ndiyo ituogopeshayo. Kisima kirefu, hasa kilichofunikwa muda mrefu, chaweza kuwa na hewa mbaya isiyo na harufu. Mtu hushuka, naye huzimia chini bila kupiga kelele. Mwenziwe aliye juu humwona amelala, huruma humshika, naye hushuka; huzimia. Wa tatu vivyo hivyo. Ndiyo sababu katika ajali za visima mara nyingi hawafi mmoja. Mafundi wa zamani walishusha taa kwanza. Ikizimika walijua kwamba hewa haifai. Desturi ile ilikuwa na maana yake, maana taa huzimika pale oksijeni inapokosekana. Lakini siku hizi watu huteremsha mashine ya petroli ndani ya kisima ili ivute maji, na moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo humwua mtu na taa yaendelea kuwaka vizuri. Basi mtu akisema, “Tumejaribu kwa taa,” mjue kwamba hajajaribu kitu kwa habari ya moshi wa mashine.

Kwa hiyo twaomba iwe sheria katika mitaa yote: mwanafunzi wa kujitolea haingii kisimani, hata kama ameomba mwenyewe, hata kama fundi amesema ni salama. Kazi yake iko juu: kuvuta udongo, kuchanganya saruji, kubeba mawe. Fundi mwenyewe akishuka, na afungwe kamba kifuani, wawepo watu wa kumvuta. Akizimia avutwe kwa kamba ile. Asiyefungwa kamba asifuatwe na mtu asiye na vyombo vya kazi hiyo. Neno hili ni gumu. Kumwangalia mwenzako amelala chini, nawe husogei, ni kinyume cha yote tuliyowafundisha vijana hawa tangu utoto. Ndiyo sababu twalisema sasa, wakati ambapo hakuna mtu aliyelala chini, ili mlizungumze na kukubaliana kabla ya siku ya hofu.

Habari ya njiani ni fupi. Wapandao pikipiki wavae kofia ngumu, wasisafiri usiku, wala wasipande watatu, ule uitwao na watu wa mjini mshikaki. Twakubali kwamba yule mgonjwa tuliyemtaja alichukuliwa hivyo hivyo. Lakini afadhali gari litafutwe mapema kuliko kutafuta udhuru baadaye.

Sasa twasema na wale wanaosoma uganga na uuguzi, watakaokwenda kusaidia katika zahanati. Mtaonekana mmevaa koti jeupe, na watu watawaita daktari. Jina hilo ni tamu, nalo ni hatari. Mama atakuja na mtoto wake usiku, mganga wa zamu amekwenda mjini, na mama atakusihi uchome sindano ambayo hujafundishwa. Mwambie kweli: “Mama, mimi ni mwanafunzi bado,” kisha umsaidie kumpeleka mtoto kwa mtu ajuaye. Nendeni mkiwa mmekwisha kuchanjwa homa ya ini ya B, na kinga ya pepopunda iwe kamili. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko chake. Itupwe mara hiyo katika sanduku lake. Na mtu akijichoma kwa sindano yenye damu ya mgonjwa, aoshe kwa sabuni na maji, amwambie mkubwa wake saa ile ile, maana dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI zapasa kuanzwa upesi iwezekanavyo, wala zisipite saa 72. Anayengoja mpaka likizo iishe amekwisha kuchelewa. Penye wagonjwa wa kikohozi cha majuma mawili au zaidi, madirisha yafunguliwe.

Tena kuna wanafunzi wenye ugonjwa wao wenyewe, wa pumu, wa kifafa, wa siko seli, wa kisukari. Hatusemi wabaki nyumbani. Tumewaona wakifanya kazi nzuri. Ila mwenyeji na kiongozi wa safari na waambiwe, na dawa zichukuliwe za kutosha siku zote pamoja na siku za kuchelewa, nazo zigawanywe katika mizigo miwili. Mtumbwi wa Askofu Mackenzie ulikuwa na dawa zote mahali pamoja.

Limebaki neno ambalo watu wa mikutano hupenda kulipita kwa heshima. Sisi hatutalipita. Wasichana wetu wengi wamejitolea, na wazazi wao wametuuliza kwa siri, wengine kwa machozi, watalala wapi. Swali hilo ni halali, na jibu lisiwe “kwa watu wema.” Jibu liwe nyumba yenye mlango unaofungwa kwa ndani, wasichana wawili au zaidi pamoja, katika nyumba ya mama aliyejulikana mtaani, na choo kisicho mbali usiku. Asitumwe msichana peke yake kupeleka barua au chakula nyumbani kwa mwanamume, awe mwalimu, awe mzee wa kanisa, awe padre, awe katekista kama sisi. Twajitaja wenyewe kwa makusudi. Mgeni hana nguvu mbele ya mwenyeji: chakula chake, barua yake ya sifa, pengine nauli yake ya kurudi, vyote vi mkononi mwa mkubwa wa mahali. Mkubwa mbaya hulijua jambo hilo kuliko wote.

Msichana akisumbuliwa, au mvulana, maana na wavulana husumbuliwa ingawa hawasemi, na awe na watu wawili wa kuwaambia: mmoja pale mtaani, na mwingine mbali, asiyekula meza moja na mkosaji. Ikiwa ametendewa jeuri, apelekwe hospitali mara moja, na zile saa 72 tulizozitaja zahesabiwa hapo pia. Na habari ifike polisi. Pasiwepo mzee wa kusema, “Tulimalize nyumbani, tusiliharibu jina la kanisa katika Yubile.” Jina linalohifadhiwa kwa kumnyamazisha mtoto wa watu limekwisha kuharibika, na wenye kulihifadhi ndio waliolichafua. Na ninyi wanafunzi, mliopewa kufundisha watoto, sheria ni ile ile kwenu: msikae na mtoto mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, msiwapige, msiwape zawadi za siri.

Uchovu wa moyo nao upo, tofauti na uchovu wa mikono. Kijana aliyetoka shuleni, hajapata kuona mtoto akifa, aweza kuliona jambo hilo katika juma la kwanza zahanatini. Usiku halali, mchana hali, ama hucheka kupita kiasi. Wengine husema, “Atazoea.” Huenda atazoea, lakini na awe na mtu wa kukaa naye jioni akamsikiliza bila kumkatiza. Akiomba kurudi nyumbani kabla ya siku zake, apewe nauli, wala asiulizwe mbele ya watu. Tumemwona mmoja aliyerudi hivyo. Mwaka wa pili alikuja tena akakaa muda wote, na hata leo ni mwuguzi.

Ninyi watu wa mitaa mtasema, “Mmetutwika mzigo: nyumba, maji, siku ya mapumziko, nauli ya akiba.” Ndiyo, ni mzigo. Mtaa usioweza kuwapokea wanafunzi wanane na upokee watatu, na usioweza watatu na useme mapema, wala si aibu. Mwanafunzi mgonjwa hachukui kitanda kimoja tu. Huchukua na mwenziwe wa kumwuguza, na pikipiki ya mtaa, na mganga wa zahanati, hata kazi aliyokuja kuisaidia husimama. Wazazi wamewatoa watoto wao kwa mkono wazi, nao wana haki ya kujua mkono uliowapokea.

Daftari ya majina i mezani kwa mwalimu mkuu, karibu na mlango wa kusini. Kila mwanafunzi, kabla ya kuondoka leo, aandike jina lake, shule au chuo chake, ugonjwa wake kama anao, chanjo alizopata, namba ya simu ya mzazi na ya mtu mmoja mwingine. Wasiotaka habari ya ugonjwa wao isomwe na wenzao wamwone mama mwuguzi katika chumba cha pili, naye ataiandika kando. Wazee wa mitaa waandike upande wa kulia: nyumba ya kulala, jina la mama wa nyumba, zahanati iliyo karibu na mwendo wake, na mtu mwenye gari. Mtaa ambao upande wake wa kulia utakuwa mtupu Jumamosi ijayo hautapelekewa mwanafunzi likizo hii.